Umeitwa Mara Mbili

Asubuhi hiyo ukumbi wa kusubiria wa kliniki ya macho ulifurika hadi wengine wakakaa kwenye ngazi. Huyu ana miwani ya giza, yule ana pamba, mwingine anajifuta machozi yasiyo ya huzuni, na katikati yao alikuwa anapita msichana mwembamba mwenye blauzi ya njano na sketi ya jinzi, kompyuta ndogo kaikumbatia kifuani, akiomba watu simu zao. Ungemwona ungedhani tapeli. Kumbe ndiye mtengeneza programu wa kliniki, na hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya mfumo wake.

Kwenye benchi la mwisho alimkuta kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, ila ncha za mikono yake zilikuwa na vitone vya rangi nyekundu na kijani ambavyo hakuna sabuni ingeviweza.

"Simu yako, kaka."

"Ya kazi gani?"

"Nikufungulie ukurasa wa kliniki, ubonyeze Ruhusu. Zamu yako ya upasuaji ikifika, simu italia yenyewe."

"Atakayepiga nani?"

"Hakuna anayepiga. Mfumo unatuma arifa."

"Na huo mfumo ni nani?"

"Ni mimi," akasema msichana, na jibu lake likamshangaza mwenyewe.

"Ungesema tangu mwanzo kwamba wewe ndiye kengele. Nimeshaanza kuogopa naletewa mashine." Akamkabidhi simu. "Shika, Kengele. Ila usinisomee meseji, humo kuna wanawake saba wanalilia mabango yao."

"Mabango gani?"

"Mimi mchora mabango. Saluni, duka la dawa, fundi baiskeli. Mjini hapa ukiona herufi imenyooka, jua nimepita mimi."

Msichana alibonyeza alipopaswa kubonyeza, kisha akatuma arifa ya majaribio kutoka kwenye kompyuta yake, kama alivyomfanyia kila mgonjwa. Simu ikalia. Kijana akaisogeza mpaka karibu iguse pua, akageuza uso upande kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

"'Karibu, tumekupata,'" akasoma. "Haya, mmenipata. Nifungeni."

Benchi zima likacheka, na msichana akacheka kuliko benchi. Tangu hapo jina la Kengele likamganda. Yeye naye akaanza kumwita Brashi, kwa sababu hata wateja wake walimwita hivyo.

Sasa ugonjwa wa Brashi ulikuwa hivi. Jicho la kushoto lilikufa akiwa na miaka sita, likaunguzwa na chokaa. La kulia ndilo lililobaki, na hilo nalo lilikuwa na kidonda cha kwenda na kurudi kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele. Kila kidonda kikirudi kiliacha ukungu zaidi. Daktari hakumficha: apate konea ya mtu aliyefariki akaacha ruhusa ya macho yake kutumiwa, au lile jicho liishe. Konea hizo huja moja moja, hazina ratiba, na hazikai. Aliye juu ya orodha anaitwa, ana saa nne za kubonyeza "Nakuja". Asipojibu, anaitwa anayefuata. Akiitwa mara mbili akanyamaza, anatolewa kwenye orodha, apishe wengine.

Zamani wagonjwa waliitwa na Mama Mapokezi, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyepiga simu moja moja kwa kufuata daftari. Wengine aliwapigia mara kumi, wengine akawapigia mpaka majirani zao. Kengele ndiye aliyesema kwamba njia hiyo ni ya kubahatisha. Hata ile kanuni ya mara mbili aliipendekeza yeye kwenye kikao, daktari akaipenda, daftari likaenda kabatini.

Mapenzi yao yalianzia kwenye ngazi. Wiki moja baada ya kliniki, Kengele alikuwa anapita mtaa wa maduka akasikia mtu anaimba juu juu, akainua macho. Brashi alikuwa ngazini, brashi nyembamba mkononi, anamalizia neno SALUNI kwa rangi ya zambarau.

"Herufi ya mwisho imeinama," akamtania kutoka chini.

"Nani huyo anayenitia doa mbele ya watu?"

"Kengele."

Akashuka haraka kuliko mtu mwenye jicho moja bovu anavyopaswa kushuka. "Nimeitwa? Konea imepatikana?"

Uso wake ulivyobadilika, Kengele alitamani ardhi impasukie. "Hapana, samahani. Nilikuwa napita tu."

"Basi pita polepole," akasema Brashi, akijipangusa mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Wenzio tunakutazama kwa shida."

Yakaanza ya kupigiana simu. Saa tatu asubuhi, saa sita, saa kumi. Kengele akiwa kazini, simu ikitetemeka mezani, wenzake walishajua.

"Umekula?"

"Nimekula, laazizi. Na wewe?"

"Mimi nakula rangi hapa. Leo umevaa nini?"

"Gauni la kijani."

"Kijani gani? Kijani kipo cha namna kumi na nne, mpenzi. Usinijibu kama mtu asiye na shule."

"Cha chupa."

"Ah. Hicho nakiona hata nikifumba."

Brashi aliishi na dada yake mkubwa, mshona mapazia, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana yake ya mabango. Dada huyo hakuwa mtu wa kupendapenda watu, lakini siku ya pili tu alimkaribisha Kengele kwa "wifi", akamsogezea kiti kilichojaa vipande vya kitambaa cha dhahabu. Kengele alikaa hapo jioni nyingi, akisikiliza cherehani upande mmoja na porojo za Brashi upande mwingine, na hakuna mahali pengine alipopataka.

Jambo moja tu lilimkera. Brashi aliuogopa upasuaji.

"Nikiitwa, sijui kama nitakwenda," alisema siku moja, kwa sauti ambayo haikuwa ya utani. "Bovu ndiyo, lakini ndilo nililonalo. Wakilikata wakakosea?"

"Utakwenda. Nitakubeba mgongoni."

"Wewe? Upepo ukikupiga unahama mtaa."

"Nitakubeba, Brashi. Sikutanii."

"Haya. Nikitoka huko mzima, wa kwanza kumwona sawasawa ni wewe, na nitakuuliza neno."

"Niulize sasa hivi."

"Sasa hivi nakuona una vichwa viwili. Nitajuaje nimemuuliza yupi?"

Kengele alikasirika, akacheka, akalibeba neno hilo moyoni mpaka kazini.

Jumamosi moja simu ya Brashi iligoma. Ilikuwa imejaa picha za mabango na takataka za miaka minne, ukigusa huku inafunguka kule. Kengele aliichukua, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaisafisha yote, na kivinjari akakifuta kila kilichohifadhiwa ndani yake. Alijua kwamba akifuta hivyo, ile tokeni ya kliniki nayo inakwenda. Tokeni ni anwani. Ndiyo inayoiambia arifa ifikie simu gani. Kwa hiyo akafungua upya ukurasa wa kliniki, akabonyeza Ruhusu upya, simu ikapewa tokeni mpya, na tokeni mpya ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kliniki. Kila kitu sawa. Kilichobaki ni kutuma arifa ya majaribio, lakini Brashi alikuwa amemshika mkono wa kushoto anampaka rangi nyekundu kwenye kucha kwa brashi ya herufi ndogo, ulimi nje, pumzi kaibana, na Kengele hakutaka kuusogeza mkono. Hakutuma.

Miezi miwili ikapita. Ukungu ukazidi. Mwenye duka la viatu alirudi kulalamika kwamba bango lake linateremka upande wa kulia, na Brashi, ambaye hajawahi kutumia rula maishani, akalazimika kununua rula.

Alhamisi moja Mama Mapokezi alimfuata Kengele mezani kwake, akaufunga mlango.

"Mwanangu, hili si la kusema kwa sauti. Yule mgonjwa wako, mia na kumi na nne."

"Amefanya nini?"

"Aliitwa tarehe tisa, hakujibu. Nikasema labda ana dharura. Jana ameitwa tena. Saa nne zimepita, kimya. Konea amepewa mwingine, na yeye mfumo umemtoa."

Kengele alifungua kompyuta. Ilikuwa pale, kwa maandishi aliyoyapanga mwenyewe: imetumwa, tarehe tisa; imetumwa, tarehe ishirini na sita; hakujibu, hakujibu. Tarehe tisa jioni alikaa kwenye kile kiti cha vitambaa akichekeshwa mpaka akashika mbavu, na mtu huyu hakumwambia neno. Damu ikampanda.

Hakusubiri saa ya kutoka. Alimkuta karakana, ameinamia ubao, rula mkononi.

"Umeitwa mara mbili," akasema mlangoni, hata salamu hakutoa.

Brashi akageuka, uso umewaka. "Nimeitwa?"

"Usiniigizie. Tarehe tisa na jana. Ukakaa na simu mfukoni ukanyamaza."

"Kengele, mimi sijaitwa."

"Umeitwa."

"Simu haijalia. Hii hapa, itazame."

"Nitazame nini? Arifa unaifuta kwa kidole kimoja. Mimi nimeona kwenye mfumo, zote mbili zimetumwa. Umeogopa, Brashi. Sema tu umeogopa, nitakuelewa."

"Naogopa, ndiyo. Kila siku naogopa. Lakini nakwambia sijaitwa."

"Basi mfumo unadanganya?"

"Sijui mfumo. Najua mimi."

"Mashine haidanganyi," akasema Kengele. "Mtu ndiye anayedanganya."

Brashi aliweka rula chini taratibu, akaitafuta meza kwanza kwa mkono. Dada yake alikuwa amesimamisha cherehani.

"Unaniita mwongo," akasema. "Ndani ya karakana yangu, kuhusu jicho langu."

"Nakuita ulivyo."

"Haya. Umesema. Kengele, nenda nyumbani."

Akaenda. Aliisubiri simu ya saa tatu asubuhi, haikuja. Ya saa sita, ya saa kumi, hazikuja. Siku ya nne alijikaza akapiga yeye. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga mara ya pili ili asije akasema hakupiga, ikakatwa. Naye akaapa kwamba hatapiga tena. Watu wawili wenye kiburi wakipendana, ukuta wanaujenga kwa haraka ya ajabu.

Wiki iliyofuata Mama Mapokezi alirudi.

"Niandike kwamba simu yake ilikuwa na hitilafu, tumrudishe juu ya orodha? Daktari hatauliza. Au nimpigie tu nimsikie mwenyewe anasemaje."

Kengele alikuwa hajalala vizuri siku saba. Ndani yake sauti moja ilisema mrudishe, nyingine ikasema amekudanganya akicheka. Akaisikiliza hiyo ya pili, na akaivisha nguo ya haki.

"Mama, wapo watu mia mbili wanasubiri. Nikimrudisha yeye, nampendelea kwa sababu zangu. Mfumo umeonyesha imetumwa. Kanuni ni ya wote."

"Zamani ningempigia," akasema Mama Mapokezi.

"Zamani si sasa."

Yule mama alimtazama kidogo, akatoka.

Ilikuwa mwezi na nusu baadaye alipokuja mwalimu mstaafu, bibi mwenye sweta la kufuma na mkoba wa mkononi, akaomba kumwona "yule binti wa kompyuta". Hakuja kugombana. Alikuja kama mwalimu anayerudisha daftari lenye kosa.

"Binti, nilibadilisha simu. Nikabonyeza Ruhusu, kama ulivyonifundisha. Tangu hapo haijalia hata mara moja, na leo naambiwa nimekosa miadi mitatu ya kupimwa macho."

"Hebu tuone, bibi." Akafungua. Tokeni mpya ya bibi ilikuwa imeandikwa kwenye kumbukumbu, haina kasoro. Miadi mitatu, yote imetumwa. "Ninakutumia ya majaribio. Sikiliza."

Simu ilikuwa imelala mapajani pa bibi. Kengele akatuma. Kompyuta ikaandika: imetumwa. Simu ikanyamaza. Akatuma tena. Imetumwa. Bibi akaigeuza simu, akaitazama, akamtazama yeye.

"Labda mtandao," akasema Kengele.

Haukuwa mtandao. Ilimchukua nusu saa kuliona, na lilikuwa jambo dogo la aibu. Wakati anajenga mfumo, ili seva, ile kompyuta kuu inayotuma arifa, isiende kuuliza kwenye kumbukumbu kila mara inapotuma, aliifanya ikariri tokeni ya kila mgonjwa na kukaa nayo kichwani. Kukariri aliiandikia. Kusahau hakuiandikia. Mgonjwa akibadilisha simu, tokeni mpya iliwekwa kwenye kumbukumbu vizuri kabisa, na seva ikaendelea kutuma kwa ile ya zamani iliyoikariri. Kampuni ya kupeleka arifa ilijibu kila safari: tokeni hii haipo tena. Jibu lilikuja, siku zote lilikuja. Lakini yeye aliandika kwamba ujumbe ukishatoka tu mlangoni uhesabiwe umetumwa, na jibu hakumpa mtu wa kulisoma.

Akaorodhesha walioathirika. Walikuwa kumi na tisa. Aliisoma orodha kwa kidole, na alijua atakachokikuta kabla hajakifikia: mia na kumi na nne. Tokeni iliyokaririwa ilikuwa ya siku ile ya ukumbini. Iliyo hai ilikuwa ya Jumamosi aliyokaa kwenye ndoo na kusafisha simu. Aliyeibadilisha ni yeye, kwa vidole vyake, na aliyemwita mwongo ni yeye, kwa mdomo wake.

"Bibi," akasema, "nisamehe."

"Umeliona kosa?"

"Nimeliona."

"Basi lisahihishe," akasema bibi, akafunga mkoba.

Akalisahihisha. Mistari mitatu. Seva isahau tokeni pale mpya inapoandikwa. Ikijibiwa haipo tena, iifute na imwambie Mama Mapokezi ampigie mgonjwa simu. Na isiandike imetumwa mpaka jibu lisomwe. Dakika ishirini zilitosha. Kisha akaenda kwa daktari akasema yote, akiwa amesimama, bila kujitetea. Wagonjwa kumi na wanane walirudishwa kwenye nafasi zao jioni hiyo, na hakuna aliyekuwa amepoteza zaidi ya muda. Wa kumi na tisa Mama Mapokezi alipiga namba yake mara sita, haikupatikana.

Kengele alifika karakana anahema. Mlango wa mbao ulifungwa kwa kufuli. Akazunguka nyuma. Dada yake Brashi alikuwa kizingitini anakunja mapazia kwenye sanduku.

"Karibu, dada," akasema yule mwanamke. Hakusema wifi.

"Yupo?"

"Yupo. Atakwenda wapi?"

"Dada, nataka aje kliniki sasa hivi. Ilikuwa kosa letu, kosa langu, anarudishwa juu ya orodha, daktari amekubali..."

"Kidonda kilirudi," akamkatiza, mikono inaendelea kukunja. "Siku ishirini zilizopita. Konea ikatoboka, usaha ukaingia ndani. Nilimpeleka hospitali kuu, kwenu alikataa. Walijaribu, kisha wakasema hakuna cha kujaribu tena. Sasa hata taa haioni."

Kengele alishika fremu ya mlango. Alitaka kulia akaona hana haki hiyo, mbele ya mwanamke ambaye alikuwa amelia peke yake siku ishirini.

"Dada, nani huyo?" sauti ikauliza ndani. Kisha, kabla ya jibu: "Mwache apite. Namjua kwa sabuni."

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, shati safi, kola imekunjwa vibaya upande mmoja. Usoni alikuwa na miwani ya giza. Kwenye ncha za mikono ya shati havikuwepo vitone vya rangi.

"Uliniambia ukweli," akasema Kengele. "Hukuitwa. Arifa zilikwenda kwenye tokeni iliyokufa, ile ya kabla sijakusafishia simu. Ilikuwa inajibiwa kwamba haipo, na mimi sikuandika mahali pa kusikiliza jibu. Ni kosa langu lote."

Brashi aliinua kichwa.

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Tarehe tisa nilikuwa napaka bango la duka la viatu. Simu ilikuwa mfuko wa shati, hapa. Mchana mzima." Akapapasa mfuko. "Ya pili, kama ingelia, lile jicho lingepona?"

Angeweza kusema sijui. "Lingepona. Daktari alisema tangu mwanzo konea ingeliokoa," akajibu, kwa sababu alishamkosea kwa namna nyingi na hakutaka kuongeza ya uongo.

"Asante kwa kunijibu."

"Nisamehe, Brashi."

"Hayo ya mashine nakusamehe. Kosa ni kosa, mimi mwenyewe nimewahi kuandika Duka la Dawa kwenye mlango wa baa." Akatabasamu, na tabasamu likaondoka mapema. "Lakini nilikwambia kwa mdomo wangu. Ulisimama hapo karakana, mimi nikasema sijaitwa. Ungenipa jioni moja tu ya kunisadiki. Ungeituma hiyo arifa nikiwa mbele yako, tukaisikiliza wote wawili."

Kengele alipiga magoti, akashika mikono ya Brashi, na mikono haikukataa.

"Unioe," akasema. "Nitakuwa na wewe. Najua si namna ya kusema, lakini unioe."

"Kengele."

"Nakupenda."

"Mimi nakupenda zaidi, na humo ndimo shida ilimo." Alimpapasa nywele, kichwa, sikio, kama anayejifunza mtu. "Neno lako nilikuwa nalo. Nilifanya nalo mazoezi ngazini, wapita njia wakadhani nimechanganyikiwa. Lakini sasa nikikuoa, utakuwa unaamka kila asubuhi unatubu. Utanipikia unatubu, utanishika mkono unatubu. Na mimi siku nikikasirika nitakukumbusha. Nitakukumbusha tu, najijua. Nilitaka mke, laazizi. Sikutaka mtu wa kutumikia kifungo."

"Nitavumilia."

"Ndiyo maana sitaki."

Alimwambia kwamba Jumamosi anahamia kwa mjomba wake, mji mwingine, karibu na shule ya wasioona. Dada atampeleka na kurudi. Kisha akamwomba ahadi.

"Usije kuniaga. Nikiisikia sauti yako sitaondoka, nitabaki hapa tuumizane mpaka tuzeeke. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Sema vizuri."

"Nakuahidi, Brashi, sitakuita."

Jumamosi Kengele alikwenda. Alijiambia kwamba kuona si kuita. Alivaa raba ili asisikike, akaoga kwa sabuni ya kuazima, akasimama ukutani pembeni mwa karakana tangu saa moja. Teksi ilikuja, buti likafunguliwa, masanduku mawili yakaingia. Brashi akatoka ameshika bega la dada yake, fimbo nyeupe mkononi bado haijajua kazi yake, inagonga ndoo, inagonga ukuta. Walipita karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemnyoosha kola.

Brashi akasimama.

"Nani yupo hapo?"

Dada yake alimwona Kengele. Wakatazamana. Kengele akatikisa kichwa, machozi yanamwingia mdomoni.

"Hakuna mtu," akasema dada.

"Kama hakuna mtu, mbona umenong'ona?"

Brashi aligeuza uso kuelekea ukutani, akaukosa uso wa Kengele kwa kiganja kimoja, akabaki akiutazama mfereji wa maji.

"Dereva," akasema, "una haraka?"

"Hapana, kaka."

"Basi tusubiri kidogo."

Wakasubiri. Dereva alizima injini. Mtaani mtu alikuwa anafungua duka, chuma kinakwaruza. Kengele alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili na kujikumbusha kwamba ameahidi, kwamba aliahidi vizuri, kwamba Brashi mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo na alisema kwa maneno ambayo mtu hawezi kukosea kuyaelewa. Brashi alibana pumzi, kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza mtu aliyeambiwa simu yake italia.

"Haya," akasema mwisho. Akaupapasa mlango wa gari mpaka akapata kishikio, akainama asigonge kichwa, akaingia.